Ova 50 au ova 20: kriketi ipi ya kufuata kabla ya 2027, na mia ya mpigaji ina uzito gani siku hizi

Kombe la Dunia la kriketi ya siku moja, yaani ile ya ova 50, litachezwa barani kwetu Oktoba na Novemba 2027, katika Afrika Kusini, Zimbabwe na Namibia. Tangu habari hiyo ienee, kuna swali linalorudi barazani kwetu Kiponda kila tunapokaa baada ya alasiri: mtu wa Unguja au Pemba ambaye hakukulia ndani ya kriketi, lakini sasa anataka kuifuata kwa dhati, aanze na mechi za ova 50 au za ova 20? Mwalimu wa skuli mwenye vijana ishirini na kiwanja cha kuazima naye huuliza hilo hilo kwa namna yake, kwa sababu ni lazima aamue kama atawafundisha kupiga kwa subira au kwa nguvu. Nimeona nizipange aina hizi mbili bega kwa bega, na niseme mapema nilikoegemea. Naamini ova 50 ndizo zinazomwonyesha mpigaji alivyo, ingawa najua kwamba aina hiyo inafifia, na kwamba sehemu ya kufifia kwake imetoka mikononi mwa wale wale waliopewa kuilinda.

Kriketi si mgeni visiwani. Waingereza waliileta wakati wa himaya yao, ikashikwa na Wahindi, Waparsi na Wagoa wa mjini, na viwanja vya Mnazi Mmoja vimewahi kuiona kabla mpira wa miguu haujatawala kila kona. Mechi za siku tano naziacha pembeni katika ulinganisho huu, si kwa kuzidharau, bali kwa kuwa mwenye duka, mwenye ngalawa au mwenye kipindi cha kufundisha hawezi kuzipa siku tano mfululizo.

Kwa asiyejua kabisa, ova moja ni mipira sita inayorushwa na mrushaji mmoja. Kwa hiyo timu inayocheza ova 50 hupokea mipira 300, na inayocheza ova 20 hupokea mipira 120. Hiyo ndiyo tofauti ya msingi, na karibu kila nitakalolisema linatokana na hesabu hiyo.

Saa zetu

Mechi ya ova 50 inayoanza saa nane mchana kwa saa za India hutufikia sisi saa tano na nusu asubuhi, nayo humalizika kiasi cha saa moja na nusu usiku. Ndani yake mna adhuhuri, chakula cha mchana, alasiri, kikombe cha kahawa na magharibi. Mechi ya jioni ya ligi ya India ya ova 20, inayojulikana kama IPL, huanza kwetu saa kumi na moja jioni na kwisha kabla ya saa tatu usiku, mtu akiwa amekwishafunga duka au amekwishatoka kazini. Mechi za Afrika Kusini zina wepesi zaidi, kwa kuwa saa zao zimetuchelewa kwa saa moja tu.

Kwa kipimo hiki peke yake, ova 20 zinashinda waziwazi, na sioni haja ya kubishana. Mwajiriwa hawezi kukaa mbele ya televisheni tangu asubuhi. Hata hivyo, mechi ya siku moja haimlazimishi mtu kukaa. Inaachika na inarudiwa: unatoka kwenda kuswali, unarudi, unauliza ni ngapi kwa ngapi, na mechi inakupokea pale pale. Katika ova 20, ukiinuka kwa robo saa unaweza ukakuta mambo yamekwisha.

Mia inavyojengwa

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mpigaji anapofikisha mikimbio 100, ambayo ndiyo pointi za kriketi, katika zamu yake ya kupiga, huvua kofia na kuinua gongo juu, na uwanja mzima humpigia makofi, hata wapinzani. Mia ni hatua inayohesabiwa maisha yake yote ya mchezo. Lakini mia hiyo imepimwa kwa mizani tofauti kadiri miaka inavyokwenda.

Mtaani kwetu palikuwa na mzee mmoja, sasa marehemu, aliyekuwa akiandika mechi nzima kwenye daftari huku redio ameiweka sikioni. Kila mpira usiozaa mkimbio aliuwekea nukta kwa kalamu ya risasi, kila mkimbio aliuandika kwa tarakimu, na kila mpigaji aliyetolewa alipigiwa mstari mwekundu kwa rula. Kurasa za mechi za zamani zilijaa nukta kama ufuta juu ya mkate, na hapa na pale nne moja, yaani pigo la mikimbio minne, kisha nukta tena. Alikuwa akiniambia kwamba nukta ndizo zinazosema ukweli, kwa kuwa zinaonyesha mpira gani mpigaji ameuheshimu.

Angalia mifano miwili iliyo mbali kwa wakati na karibu mno kwa hesabu. Tarehe 7 Juni 1975, siku ya kwanza ya Kombe la Dunia la kwanza, Sunil Gavaskar wa India alicheza mipira 174 uwanjani Lord's dhidi ya Uingereza na akapata mikimbio 36 tu, bila kutolewa, ilhali timu yake ilikuwa ikifukuza 334. Tarehe 13 Novemba 2014, Rohit Sharma, naye wa India, alicheza mipira 173 uwanjani Eden Gardens dhidi ya Sri Lanka na akapata 264, ambayo ndiyo zamu kubwa kuliko zote za mpigaji mmoja katika mechi za kimataifa za siku moja za wanaume. Mpira mmoja tu ndio uliowatenganisha. Gavaskar alilaumiwa vikali na watu wa kwao, na kwa haki, lakini umbali baina ya zamu hizo mbili unaonyesha namna mchezo wenyewe ulivyogeuka.

Siku ile ile ya 1975 timu ya Afrika Mashariki, iliyokusanywa kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ilikuwa Birmingham ikicheza na New Zealand. Glenn Turner alisimama ova zote 60 za wakati ule, akapiga mipira 201 na kupata 171 bila kutolewa. Wetu walijibu kwa 128 na wiketi nane zikaanguka, yaani wapigaji wanane wakatolewa, lakini walicheza ova zote 60. Huwa nawakumbusha vijana jambo hilo, kwa sababu kusimama ova zote mbele ya warushaji wa kiwango kile ni kazi ambayo ubao wa matokeo hauionyeshi.

Zamu zilizonifanya nizipende ova 50 ni zile za mtu aliyeachwa peke yake. Mwaka 1983, huko Tunbridge Wells, India walikuwa wamefikia 17 tu na wiketi tano zimekwishaanguka dhidi ya Zimbabwe, Kapil Dev akapiga 175 bila kutolewa. Mchezo huo haukurekodiwa na televisheni, kwa hiyo waliouona ni waliokuwapo tu, na wiki moja baadaye India wakabeba kombe. Mwaka uliofuata, uwanjani Old Trafford, Viv Richards wa West Indies alipiga 189 katika jumla ya 272 ya timu yake nzima, na mpigaji wa mwisho akakaa naye, wakaongeza mikimbio 106 bila yeyote kutolewa. Zamu za namna hii huhitaji muda wa kuanguka na muda wa kuinuka. Katika ova 20, timu iliyopoteza wiketi tano kwa mikimbio 17 imekwisha.

Niliona jambo hilo kwa macho yangu tarehe 7 Novemba 2023, dukani kwa jirani, mbele ya televisheni iliyowekwa juu ya magunia ya mchele. Afghanistan walikuwa wamepata 291 mjini Mumbai, na kiasi cha saa kumi na moja jioni kwa saa zetu Australia walikuwa na 91 huku wiketi saba zimekwenda. Wawili wetu walitoka wakijua mechi imekwisha. Tuliporudi kutoka kuswali magharibi, Glenn Maxwell bado alikuwa pale, na haukupita muda misuli ya miguu ikaanza kumkaza hata akaanguka chini kwa maumivu. Hakuweza tena kukimbia wala kusogeza miguu, akawa anapiga kwa mikono na macho tu. Upande wa pili nahodha wake, Pat Cummins, alicheza mipira 68 kwa mikimbio 12, nukta baada ya nukta, ili mwenzake apate kupumua. Maxwell alimaliza mechi kwa sita, yaani pigo la mikimbio sita, akiwa na 201 kwa mipira 128. Hiyo ndiyo zamu bora niliyowahi kuitazama, na nusu ya uzuri wake ulikuwa katika zile nukta za Cummins.

Mipira 128 inazidi mipira yote ambayo timu nzima hupewa katika ova 20. Ndivyo ilivyo pia kwa mia mbili ya kwanza ya wanaume, aliyoipata Sachin Tendulkar mjini Gwalior tarehe 24 Februari 2010 dhidi ya Afrika Kusini kwa mipira 147, akakamilisha mkimbio wake wa 200 katika ova ya mwisho kabisa. Kwa wanawake hatua hiyo ilikuwa imefikiwa zamani zaidi, pale Belinda Clark wa Australia alipopata 229 mwaka 1997, na anayeanza kuufuata mchezo huu hana budi kulijua jina lake kabla ya kusema kwamba Tendulkar alikuwa wa kwanza duniani.

Ova 20 zina hatua zake, na sizikatai. Chris Gayle wa West Indies alipata 175 kwa mipira 66 katika IPL ya 2013, na mia yake ilikuja kwa mipira 30. Yuvraj Singh wa India alipiga mipira yote sita ya ova moja kwa mikimbio sita kila mmoja mjini Durban mwaka 2007, na nusu mia yake ikaja kwa mipira 12. Ni ustadi mkubwa, tena wa macho makali na mkono mwepesi. Lakini hatua za ova 20 hupima kasi, na kasi hutegemea mno nani anayekurushia mpira. Nairobi inatosha kuwa ushahidi. Tarehe 4 Oktoba 1996, Shahid Afridi wa Pakistan alipiga mia kwa mipira 37 uwanjani Gymkhana dhidi ya Sri Lanka, waliokuwa mabingwa wa dunia, na rekodi hiyo ya kasi katika ova 50 ikadumu hadi siku ya mwaka mpya wa 2014. Tarehe 23 Oktoba 2024, katika jiji lile lile, Zimbabwe walipata 344 kwa ova 20 dhidi ya Gambia, Sikandar Raza akiwa na 133 kwa mipira 43, na Gambia wakatolewa wote kwa 54. Raza ni mpigaji hodari, lakini huwezi kuziweka siku hizo mbili katika mizani moja.

Kufifia kwake

Wengi husema ova 20 ndizo zilizoziua ova 50. Ni kweli nusu. Nusu ya pili ni kwamba ova 50 zilijichosha zenyewe kwa kurahisisha mno kazi ya mpigaji. Kuanzia Oktoba 2011 kila zamu ilichezwa kwa mipira miwili mipya, mmoja kila upande wa kurushia, kwa hiyo mpira haukuchakaa kama zamani. Mpira mmoja uliokwisha kulika hulainika na kupinda kinyume na matarajio ya mpigaji, na hapo ndipo mrushaji alipokuwa akipata silaha yake katika ova za mwisho. Mwaka uliofuata kanuni zikapunguza pia wazuiaji wanaoruhusiwa kukaa mbali, nje ya duara linalochorwa kuwazunguka wapigaji. Magongo yakawa manene, na hatua zikaanza kumwagika. Ilichukua miaka 39 tangu mechi ya kwanza ya kimataifa, iliyochezwa Melbourne tarehe 5 Januari 1971, hadi mia mbili ya kwanza ya wanaume. Kisha, kutoka hapo hadi Februari 2024, zikawa zimefika 12, tatu kati yake za Rohit peke yake. England walipata 498 dhidi ya Uholanzi mwaka 2022. Mpemba yeyote anajua bei ya karafuu huenda wapi mavuno yanapojaa ghala, na mia nayo imepita njia hiyo.

Baraza la Kimataifa la Kriketi limejaribu kurekebisha. Tangu Julai 2025 mipira miwili hutumika hadi ova ya 34, kisha mmoja wao huchaguliwa na kuendelea hadi mwisho. Naona ni uamuzi sahihi uliochelewa.

Sababu ya nje ni fedha na kalenda. IPL ilianza Aprili 2008, na haki zake za matangazo za miaka 2023 hadi 2027 ziliuzwa kwa zaidi ya dola za Marekani bilioni 6. Afrika Kusini, ili wapate nafasi ya kuzindua ligi yao ya ova 20 Januari 2023, waliacha kwenda Australia kucheza mechi tatu za siku moja, hali wakijua kwamba wanapoteza pointi za kufuzu Kombe la Dunia. Ben Stokes wa England aliaga ova 50 Julai 2022 akisema mwili wake hauwezi kubeba aina zote tatu, yaani siku tano, ova 50 na ova 20, ingawa alirejea kwa Kombe la Dunia la 2023. Klabu ya MCC ya London, inayotunza sheria za mchezo, ilipendekeza Julai 2023 kwamba baada ya 2027 mechi za siku moja za wanaume zipunguzwe, isipokuwa za Kombe la Dunia. Na Maxwell, yule yule wa Mumbai, aliaga ova 50 Juni 2025 akabaki na ova 20. Habari hiyo ilinihuzunisha kuliko zote.

Kinachopotea hapa kinahesabika. Virat Kohli wa India alifikisha mia yake ya 50 ya siku moja tarehe 15 Novemba 2023 mjini Mumbai, Tendulkar mwenye mia 49 akiwa jukwaani akimtazama. Tendulkar alicheza mechi 463 kati ya 1989 na 2012. Kijana anayeanza leo, hata awe na kipaji cha wote wawili, hatapewa mechi za kutosha kuwakaribia. Milango ya hatua hizo inafungwa kwa uhaba wa siku, ilhali vipaji vipo. Kohli mwenyewe, alipostaafu ova 20 za kimataifa mwaka 2024 na mechi za siku tano mwaka 2025, alibakiza ova 50 peke yake, na mimi nalihesabu hilo kuwa neno la mtu aliyezijua aina zote tatu kwa undani.

Nani achague ipi

Mwalimu wa skuli aanze na ova 20, na sina wasiwasi katika hilo. Kati ya mwisho wa masomo na magharibi kuna saa tatu ukibahatika, na mechi ya ova 20 huingia humo ikiwa vijana hawachelewi kubadilishana zamu. Isitoshe, ova 20 ndizo zilizofungua mlango kwa nchi kama yetu, kwa kuwa tangu 2019 mechi za ova 20 za wanaume baina ya nchi zote wanachama hutambuliwa rasmi kuwa za kimataifa, na ndizo zitakazochezwa katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028. Uganda walifika Kombe la Dunia la ova 20 la mwaka 2024 na wakaifunga Papua New Guinea.

Lakini asiishie hapo. Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 19 huchezwa kwa ova 50, na vijana wa Tanzania walifuzu kwa mara ya kwanza lile la 2026 huko Zimbabwe na Namibia. Kijana aliyelelewa kwa ova 20 tu akifika jukwaa kama hilo atakuwa amejifunza kupiga sita, lakini hatajua afanye nini ova ya 22 mpira ukiwa haumpi chochote. Angalau Jumapili moja kwa mwezi, kuanzia saa tatu asubuhi, wapewe ova 40, na mpigaji mmoja mmoja aambiwe kwamba hatoki kiwanjani mpaka atolewe.

Mtazamaji wa nyumbani mwenye kazi za mchana atazame IPL jioni ili macho yake yazoee mchezo, kanuni na majina. Mechi za siku moja baina ya nchi mbili ambazo hazina kombe nyuma yake anaweza kuziruka nyingi, maana timu nyingi siku hizi huzicheza bila nyota wao. Mashindano makubwa ya ova 50 asiyaache. Mwenye muda wa kutosha, kama mstaafu au mwenye duka la barazani, naye achague ova 50 tangu leo, hatajuta.

Kombe la 2027 litakuwa na timu 14 na mechi 54. Mimi nimekwisha kununua kauntabuku na rula, maana mechi moja hula kurasa mbili, moja kwa kila timu, kwa hiyo zinahitajika kurasa 108. Ukurasa wa kwanza nimeupiga mistari ya ova 50, visanduku sita kwa kila ova, na kalamu ya risasi nimeichonga kwa ajili ya nukta.